Mwaka Matoazi Yalipopotea

"Baba mdogo, wimbo ukishaujua wote, unausikiliza wa nini tena?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza hivyo. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mbao karakanani kwake, miguu inaning'inia, na redio yake ya kaseti ilikuwa inarudia upande uleule kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Yeye alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Akanitazama, akacheka kwa pua, akasema, "Chukua kipande cha msasa hicho. Fuata nyuzi za mbao, usizikate." Hilo nalo ni jibu? Nikamuuliza tena wiki iliyofuata, akanituma maji ya kunywa. Ndivyo alivyo. Ukimuuliza jambo dogo anakupa hotuba, ukimuuliza jambo kubwa anakutuma dukani.

Ni mdogo wake baba, wamefuatana, na ni seremala. Anatengeneza milango, vitanda, makabati, na mara mojamoja madawati ya shule, likiwemo hili ninalokalia mimi. Nikilalamika kwamba linanibana ananiambia kosa si la dawati. Ana nyusi nene zinazonasa maranda, na mama mdogo, mkewe, humpangusa mlangoni kabla ya kumruhusu akaribie kochi. Kalamu ya risasi iko sikioni muda wote. Mama mdogo anaapa kwamba amewahi kuingia nayo kuoga.

Huyu mtu hafanyi kazi kwa macho peke yake. Akiletewa ubao mpya anaugonga kwa kifundo cha kidole, kichwa ameinamisha, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ubao ukitoa sauti nzima anaupokea, ukitoa sauti ya kupasuka anaurudisha, hata kama ufa hauonekani. Msumeno wa meza nao anausikiliza. Ukikaribia fundo unabadilisha sauti, naye anapunguza mkono kabla meno hayajaumia. Vikinga masikio anavyo. Alivinunua zamani, akavitundika kwenye msumari, buibui wakapanga humo. Kila nikimwambia avivae alikuwa ananijibu, "Seremala aliyeziba masikio ni sawa na dereva aliyefumba macho." Amekata mbao hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Muziki ndio ugonjwa wake wa pili, na mgonjwa mwenzake ni kinyozi wa upande wa pili wa barabara, ambaye kila mtu anamwita Wembe. Walisoma darasa moja, na siku moja walirudishwa nyumbani pamoja kwa kosa la kupiga ngoma juu ya meza ya mwalimu. Saluni ya Wembe ina viti viwili, vioo vinne, benchi la wanaosubiri, na spika mbili zinazowazidi wateja kimo. Juu ya kila spika amefunga twita, kispika kidogo cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kinachotoa sauti nyembamba tu: matoazi, kengele, na herufi zile za mwimbaji zinazopita kati ya meno.

Wawili hawa wana desturi ambayo sijaisikia kwingine. Bendi wanayoipenda ikitoa albamu mpya, wanasubiri Jumapili mchana. Wembe anafunga mlango wa saluni, wanakaa kwenye viti vya kunyolea, na wanaisikiliza mara moja tu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kusema neno. Hata kukohoa kwa maana kumekatazwa, ukikohoa ujieleze. Ikiisha, kila mmoja anaandika ukurasa wa maoni yake, anautia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi ya mbao, maana gundi ya bahasha, kasema Wembe, inafunguka ukiipumulia. Bahasha zinalala kwenye droo, chini ya taulo. Tangu hapo hawaizungumzii albamu ile wala hawaisikilizi tena, mpaka Jumapili ya mwisho ya mwaka. Siku hiyo bahasha zote zinafunguliwa, zinasomwa kwa sauti, na mwaka mzima unahukumiwa.

Nilimuuliza Wembe kwa nini wanajitesa hivyo.

"Usipofanya hivyo, binti," aliniambia, "ukifika mwisho wa mwaka unakuta umeandika maoni ya jirani."

Zamani kila mtu alikuwa anajisomea, lakini walianza kushutumiana kwamba fulani anageuza maneno anaposoma. Nilipofika miaka kumi na miwili wakaniteua mimi niwe msomaji. Tangu siku hiyo jina langu pale ni Karani. Naruhusiwa kukaa kwenye benchi wakati wa kusikiliza, kwa masharti yaleyale ya kikohozi.

Mwaka wa kawaida wanapata albamu moja, mbili wakibahatika. Mwaka jana bendi zao zote nne zilitoa. Mwezi wa pili walitoa Ghala Namba Tisa, ambao kweli walianzia ghalani. Mwezi wa tano wakaja Dada Watatu na Shemeji, ndugu watatu wanaoimba pamoja na mpiga gitaa aliyemwoa yule wa katikati, akapoteza jina lake siku hiyohiyo. Mwezi wa nane wakatoa Mabati, wapenda kelele. Na mwezi wa kumi, baada ya ukimya wa miaka kumi na mmoja, wakarudi Nusu Saa. Baba mdogo aliposikia habari za Nusu Saa aliacha brashi ya vanishi mezani mpaka ikakauka ikawa kama mfupa. Alikuwa akihesabu Jumapili kwa chaki ukutani.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya Nusu Saa, wimbo wa tano ukiwa katikati, baba mdogo alisimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama kabla ya wimbo wa mwisho. Wembe akamtazama kwenye kioo, hakusema kitu, sheria ni sheria. Baba mdogo akachukua karatasi, akaandika mstari mmoja akiwa amesimama, akautia kwenye bahasha.

"Basi," akasema. "Mwaka mzima nimevumilia. Muziki umekufa, na mimi si mchimba kaburi."

"Fundi, kaa chini wewe! Wimbo haujaisha."

"Kwangu umeisha."

Jioni hiyo alianza kupanga kanda na diski zake zote kwenye kasha alilolitengeneza mwenyewe miaka ile alipooa. Akamwambia fundi wa rangi, anayepaka milango yake, kwamba mwaka ukigeuka aje alichukue. Mama mdogo alidhani anatania. Mimi nilijua hatanii, kwa sababu karakana ilinyamaza. Wiki kumi sikusikia redio pale. Msumeno tu.

Nyumbani kwake napo hakukuwa na raha. Mama mdogo alikuwa na wimbo wake mmoja: "Nikimwita kula anasikia. Nikimwita anishushie pazia nilifue, hasikii." Tulicheka sana na maneno hayo. Naye baba mdogo alimlaumu kwamba siku hizi ananong'ona. Mimi aliniambia, "Karani, fungua mdomo, unaongea kama una haya." Nikadhani ni kwa sababu nimekua.

Jumapili ya mwisho ya mwaka ilipofika akasema haendi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti ambacho hakijapigwa rangi, mikono magotini.

"Bahasha zako ziko kule," nikamwambia.

"Zikae."

"Wembe atazisoma mwenyewe. Na wewe unajua anavyosoma."

Alifikiri kidogo. Akavaa viatu.

Wembe alikuwa ameshapanga bahasha mezani, nne zake na nne za mwenzake, mwezi kwa mwezi. Hawakusalimiana vizuri. Nikachana za kwanza, Ghala Namba Tisa. Wembe alikuwa ameandika: *Matoazi yanakata kama wembe wangu siku ya kwanza. Mpiga ngoma amezaliwa upya.* Ya baba mdogo ilisema: *Nyimbo nzuri. Ila fundi mitambo wao amezubaa, matoazi ameyafukia nyuma. Afukuzwe.*

"Ameyafukia wapi?" Wembe akauliza. "Wewe ulikuwa unasikiliza albamu ya nani?"

"Endelea, Karani."

Dada Watatu na Shemeji. Wembe: *Dada mdogo amepandisha sauti mpaka nywele zangu zimesimama, na mimi ndiye kinyozi.* Baba mdogo: *Dada mdogo anaimba na pamba mdomoni. Matoazi hayapo kabisa. Shemeji peke yake ndiye aliyekwenda kazini.*

Wembe akacheka, halafu akaacha. Nikachana za Mabati. Wembe: *Kelele tamu. Ile kengele ndogo ya wimbo wa tatu, aliyeibuni apewe nishani.* Baba mdogo: *Besi na ngoma kubwa, basi. Kama kusikiliza harusi ya jirani ukiwa umejifunika blanketi.*

"Kengele gani?" baba mdogo akauliza.

"Ya wimbo wa tatu. Inalia wimbo mzima, Fundi."

"Hakuna kengele pale."

Wote wawili wakanigeukia. Kazi ya karani ni kusoma, si kutoa ushahidi, lakini nilikuwepo siku ile, kwenye benchi, na kengele niliisikia mpaka nikaipeleka shuleni kichwani. "Iko, baba mdogo," nikasema.

Nikasoma za mwisho, Nusu Saa. Wembe alikuwa ameandika: *Nimelia. Sitaki kuulizwa.* Baba mdogo: *Wamerudi bila maneno. Wananung'unika tu. Wangebaki kimya.*

Karatasi nane zilikuwa mezani mbele yangu. Nilizipanga za baba mdogo peke yake, kutoka mwezi wa pili mpaka wa kumi, na nikajikuta nazisoma tena kimyakimya. Kwanza matoazi yamefukiwa. Halafu hayapo. Halafu hata kengele haipo. Mwisho maneno yenyewe hayapo. Ilikuwa kama kumtazama mtu akishuka ngazi kinyumenyume.

"Baba mdogo," nikasema, "bendi nne, mafundi mitambo wanne. Wote wapoteze matoazi mwaka mmoja?"

"Ndiyo mtindo wa sasa. Wanafuatana kama kondoo."

"Na mimi na Wembe tumeyasikiaje?"

Hapo akapandwa na hasira. "Weka ule wa zamani wa Ghala!" akamwambia Wembe. "Ule wa kwanza kabisa. Weka, huyu mtoto asikie matoazi yanavyotakiwa kuwa!"

Wembe akauweka. Wimbo ule baba mdogo anao mwilini. Ndio uliokuwa ukilia siku ile nimekaa juu ya mbao. Akafumba macho, akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kidole kimoja, kila toazi mahali pake, hakosei hata moja. "Hayo," akasema. "Hayo hapo. Mnasikia? Kama manyunyu kwenye dirisha."

Wembe alikuwa nyuma ya spika. Nadhani alitaka kumkomoa tu. Akachomoa waya wa twita ya kushoto, kisha wa kulia.

Sauti ikawa nzito mara moja, kama mtu ametia gunia juu ya bendi nzima. Matoazi yakatoweka. Mimi nilishtuka nikageuka. Baba mdogo hakushtuka. Kidole kikaendelea, toazi kwa toazi, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuiona kwa wiki kumi.

"Hayo hapo," akasema. "Ndiyo matoazi hayo."

Wembe alisimama na waya mkononi. Alinitazama kama aliyevunja chombo cha watu. Nikaona hawezi kumwambia, basi nikaenda mimi, nikaweka mkono juu ya kidole cha baba mdogo, kikasimama.

"Twita zimezimwa," nikamwambia. Nikakumbuka kufungua mdomo. "Hakuna matoazi yanayotoka, baba mdogo."

Alifumbua macho, akaona waya. Hakukasirika. Wimbo ulipoisha akamwambia Wembe azirudishe, aweke Nusu Saa, albamu mpya. Akaenda akainama, akaweka sikio lake la kulia kwenye twita, karibu kuibusu.

"Inalia?"

"Inalia," nikasema.

"Sasa je?"

"Bado inalia."

Akabadilisha sikio. Tukarudia. Kisha akaketi kwenye benchi langu, la wanaosubiri, akapangusa nyusi ingawa siku ile hazikuwa na maranda.

"Ina maana ule wa zamani nausikia kwa kukumbuka."

Wembe akapunguza sauti.

"Na hizi mpya sina cha kukumbuka." Akacheka kwa pua, ila kidogo sana. "Nimewatukana watu wanne bure."

"Watu ishirini na watatu," Wembe akasema. "Mabati peke yao wako tisa."

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kwanza tulimpeleka hospitali, mimi na mama mdogo. Walimfungia kwenye kijumba kidogo chenye dirisha, wakamvika vipokea sauti na kumpa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Kupitia kioo nilimwona akibonyeza, akibonyeza, kisha akitulia, macho juu, kidole kinasubiri. Alisubiri muda mrefu. Alipotoka, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mlango wa kile kijumba haukai sawa kwenye fremu yake.

Daktari wa masikio alichora mstari kwenye karatasi. Ulianza juu, ukaenda vizuri, halafu ukaanguka kama kutoka ukingo wa jabali. Sauti nene zipo, akasema. Nyembamba zimeliwa na msumeno, na zilizoliwa hazirudi. Kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia kuelewa watu wakiongea, lakini muziki asitegemee urudi ulivyokuwa. Vikinga avae, ili abaki na hicho kilichobaki.

"Sauti ya mke wangu iko upande gani wa mstari?" baba mdogo akauliza.

Daktari akamtazama mama mdogo, ambaye sauti yake ni nyembamba kama uzi, akaonyesha chini ya jabali. Mama mdogo akaanza kulia pale pale. "Na mimi nilikuwa namcheka," akaniambia. "Mwaka mzima namcheka." Siku hizi hamwiti akiwa chumba kingine. Anakwenda mpaka alipo, anamgusa bega, ndipo anasema, hata kama ni habari za pazia.

Vikinga vimetoka msumarini. Buibui wamehamishwa. Ubao anaugonga bado, ila kiganja kingine anakiweka juu yake, na akikata anaacha vidole vya mkono wa nyuma vimelala kwenye mbao, mbali na meno, avisikilize. Ameshaharibu milango miwili. Wa tatu ulitoka safi.

Fundi wa rangi alikuja kuchukua kasha lake kama alivyoahidiwa. Alimkuta baba mdogo amelikalia.

"Fundi, tulikubaliana."

"Tulikubaliana muziki umekufa," baba mdogo akasema. "Mgonjwa alikuwa mwingine. Nitakupa stuli."

Lakini kubaki na kasha hakukumtosha. Alizitaka zile albamu nne. Akasema amezihukumu bila kuzisikia, na hakimu wa namna hiyo hata shetani hamsalimii. Zile karatasi alikataa zichanwe. "Niliandika nilichosikia. Karani hafuti." Basi tangu mwezi wa kwanza, kila Jumapili mchana, mlango wa saluni unafungwa na sheria zote zinavunjwa. Tunasema. Tunarudia. Nimemwandikia maneno ya nyimbo za Nusu Saa kwa herufi kubwa, na yeye anayafuata kwa kalamu ya risasi. Yuko kwenye kiti cha kunyolea, kifaa kipya sikioni, ambacho anasema kinayafanya matoazi yalie kama misumari iliyomwagwa kwenye ndoo. Mimi nasimama kando na kumgusa begani: hapa yanaingia, hapa yananyamaza, hapa mwimbaji anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Anatikisa kichwa, anagonga kwa kidole, anakosea, anagonga tena.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye wimbo wa tano, ule uliomfanya asimame. Ulipoisha kwa mara ya sita akaniashiria niurudishe.

Wembe akatupa taulo. "Fundi, nihurumie! Mara ya sita! Umeshaujua!"

Baba mdogo hakumjali. Alinigeukia mimi, akanitazama muda kidogo, kama anayepima ubao.

"Uliwahi kuniuliza jambo hili," akasema. "Ukiwa mdogo. Nikakutuma maji."

"Ulianza na msasa. Maji yalifuata."

"Sikuwa na jibu, ndiyo maana." Akakirekebisha kile kifaa sikioni, akaweka kidole tayari kwenye mkono wa kiti. "Mara ya kwanza nasikia kile masikio yanachonipa, na umeona mwenyewe, ni kidogo. Nikishaujua, kilichobaki najazia mimi. Haya, rudisha mwanzo, Karani. Pale kwenye matoazi nilichelewa."